Chambo cha Kitalu cha Tatu

"Sisimizi," alisema Daktari, akakinyanyua kikombe mpaka usawa wa macho yake. "Sisimizi tena."

Mama Vikombe alikuwa amepiga magoti juu ya majani yaliyooza, mkono mmoja ndani ya shimo kilimotoka kile kikombe, akipapasa ukingo wake taratibu. Shimo lilikuwa sawa. Udongo ulikuwa umeshindiliwa sawa. Kikombe kilikuwa kimekaa vizuri, mdomo wake usawa na ardhi, kwa sababu yeye ndiye aliyekizika, na huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na mbili wa kuzika vikombe. Lakini ndani ya maji ya sabuni walielea sisimizi wekundu mia na ushei, wamekufa wameshikana. Mbawakawa hakuwamo hata mmoja.

Tuseme mambo waziwazi, maana hadithi hii haina namna ya kusimuliwa kwa adabu. Wako mbawakawa wanaokula mavi. Msitu ukiwa mzima, huwa wengi. Msitu ukianza kufa, wao ndio wa kwanza kuhama. Kwa hiyo watu wa chuo kikuu huwahesabu, jinsi mganga anavyoshika kifundo cha mkono wa mgonjwa kusikiliza mapigo. Kuwanasa ni kazi nyepesi: unazika kikombe cha plastiki, unatia maji ya sabuni, juu yake unaning'iniza kifuko cha shashi chenye chambo. Na chambo hicho, baada ya wasomi kujaribu kila kitu chini ya jua, kikaonekana hakina mshindani. Si cha mbuzi, si cha nyani. Ni cha binadamu.

Daktari alikiita chambo. Wanafunzi walikiita sampuli. Mama Vikombe alisema mavi, kwa sababu ni mavi.

"Mama," Daktari alisema kwa sauti ya chini, ili wanafunzi wasisikie, na wote wakasikia. "Kitalu cha Kwanza, mbawakawa sitini. Kitalu cha Pili, arobaini na tisa. Hapa cha Tatu, karibu na mto, ambapo miaka yote ndipo walipo wengi, jana sifuri. Leo sifuri."

"Nimeona."

"Msitu haufi kwa siku mbili."

"Haufi."

"Basi tatizo ni mitego."

Alisema mitego, lakini macho yake yalikuwa kwenye magoti ya Mama Vikombe. Daktari huyu alifika hapa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi mwenye shingo nyembamba, akatapika kwenye kikombe cha kwanza alichoonyeshwa, na Mama Vikombe ndiye aliyemmwagia maji kisogoni na kumwambia, "Tapika uishe, mwanangu, kesho utazoea." Hakuzoea. Alipata shahada zote tatu akiwa amesimama hatua tano kutoka kwenye vikombe, leso puani, akiandika alichosomewa.

"Kesho nitaleta makundi yote matatu tuangalie pamoja," alisema. "Tukikuta hivi tena, kitalu nitampa mlinzi wa cha Kwanza, na wewe utakwenda kumsaidia mpishi. Si adhabu, Mama. Umechoka. Jikoni kuna kivuli."

Kuna kivuli! Katika msitu ambao jua hulioni mpaka saa sita mchana, mtu anakuahidi kivuli. Mama Vikombe alikirudisha kikombe shimoni.

Mwaka jana mvua ilipochelewa, Kitalu cha Kwanza kilipata mbawakawa wanne kwa juma zima, na mlinzi anayekitunza hakuambiwa lolote. Ilisemwa ni hali ya hewa. Leo kwake yeye ni magoti. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Jikoni alikujua. Alianzia huko, miaka miwili ya kwanza, akiosha sahani za wanafunzi, na kilichomtoa huko si ngazi ya kupanda bali kinyaa. Watu walidhani mwanamke anayeshika kopo la mavi kila siku hana kinyaa. Walikosea. Mavi yamekwisha mambo yake. Yametoka kwa mtu, hayana tena haja naye, mbawakawa atayachukua na ardhi itayameza. Lakini mabaki ya sahani! Mfupa uliofyonzwa ukatemwa. Wali uliotafunwa nusu ukarudishwa pembeni, bado una alama ya meno. Karatasi ya kufutia kamasi imetumbukizwa ndani ya kikombe cha chai, inavimba. Mate ya mtu, yenye uvuguvugu wa mdomo wake, yanakuganda kwenye vidole. Kwa miaka hiyo miwili alikula chakula chake cha mchana akiwa amefumba macho. Alipoulizwa kama yuko tayari kwenda msituni kushika kinyesi, alikubali kabla swali halijaisha, na watu wakamcheka.

Kurudi huko, katika umri huu, wakati kinyaa hakijapungua hata chembe? Afadhali wamfukuze kabisa.

Na palikuwa na jambo jingine, ambalo hakuna aliyelijua. Tangu ile homa iliyomlaza majuma mawili msimu uliopita, pua yake ilikuwa imekufa. Ilivuta hewa tu, haikuleta habari. Maua, moshi, mvua inayokuja, kopo lililofunguliwa, vyote vilikuwa kitu kimoja. Chakula kilikuwa na chumvi au sukari, basi, mengine yote yalikuwa kutafuna tu. Hakumwambia mtu. Mtega mbawakawa asiyenusa ni sawa na mpiga ngoma kiziwi, na Mama Vikombe hakutaka kuambiwa hivyo na mtu mwingine, alikuwa amekwisha kujiambia.

Kwa hiyo Daktari alipoondoka, alirudi kwa magoti yake hayo hayo yaliyochoka, akafukua vikombe vyote kumi na viwili, akavizika upya.

*

Alasiri ilikuwa saa ya kopo. Kila kundi lilikuwa na lake, kopo la rangi la lita nne lenye kifuniko cha kubana, na wanafunzi walilipa cheo wakaliita Mheshimiwa. "Mheshimiwa ameamka?" "Mheshimiwa leo hana kitu." Mwenye zamu alilipeleka chooni, akalirudisha, kisha kundi likakaa kwenye benchi nyuma ya maabara, vijiko mkononi, likafunga vifuko kumi na viwili vya shashi, kila kimoja ukubwa wa ndimu.

Kinyaa walichokuwa nacho wanafunzi hawa kilikuwa cha aina yake. Hawakukataa kazi, kukataa ni kukosa alama. Walijipaka dawa ya mafua chini ya pua, ile inayochoma mpaka machozi, tabaka juu ya tabaka, mpaka midomo ya juu ikang'aa. Wakafunga barakoa juu ya dawa. Wakavaa glavu mbili mbili. Halafu wakaandika kwenye daftari kwamba wamejifunza mbinu za utafiti wa wanyamapori. Daktari naye alijipaka. Ukiingia kambini saa ile ungedhani kuna hospitali ya watu wenye mafua.

Kundi la Kitalu cha Tatu lilikuwa na watu watatu, na Mama Vikombe alikuwa amewabandika majina siku ya kwanza. Kofia alikuwa kiongozi, hakuivua kofia yake pana hata mezani. Manukato alijipulizia marashi kabla ya kuingia msituni, nyuki wakamfuata kutwa nzima. Na Miwani, msichana mkimya, ndiye aliyeandika kila kitu na kubeba kila kizito, kama ilivyo desturi ya makundi ya watatu.

"Shikamoo, mama," alisema Kofia, akisimama na bakuli la plastiki lenye kifuniko. "Vyako hivi. Kumi na viwili."

"Marahaba. Mapema hivi? Wenzenu ndiyo kwanza wanaanza."

"Sisi matumbo yetu yana nidhamu."

Manukato akacheka mpaka akajipiga paja. Miwani aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mama Vikombe alifunua bakuli. Vifuko vilikuwa vizuri. Vilikuwa vya mviringo, rangi moja ya kahawia iliyoiva, vimefungwa kwa fundo safi, tofauti kabisa na vya makundi mengine ambavyo huwa vimepasuka pasuka kwa haraka ya watu wanaotaka kukimbia. Aliinamisha uso kwa mazoea, akavuta pumzi. Hewa ikaingia, hewa ikatoka.

"Mmejitahidi," aliwaambia, na kweli alikuwa na maana hiyo. Baadaye neno hilo lilimchoma kuliko yote.

Akavichukua, akaenda kuvining'iniza kabla jua halijazama.

*

Jikoni alikuta wifi yake, mpishi wa kambi, dada wa marehemu mumewe, amesimama mbele ya sufuria la maharage na mwiko mrefu kuliko mkono wake. Alimpenda wifi huyu, lakini mdomo wake ulikuwa hauna mlango.

"Karibu, karibu!" wifi alimpokea. "Nimesikia. Nimekutafutia aproni. Ina mafuta kidogo kifuani, lakini wewe si mtu wa kuogopa uchafu."

"Bado sijaja, wifi."

"Utakuja. Mlinzi ameshaanza kuulizia majembe yako." Alionja maharage, akaongeza chumvi. "Na mimi nitafurahi, nikuambie ukweli. Ishirini na miwili umekaa na mbawakawa, utafikiri umeolewa nao. Kaka yangu mwenyewe hukumtazama hivyo."

"Kaka yako hakuwa na mabawa."

Wakacheka. Kwenye karai la kuoshea, sahani za mchana zilikuwa bado zinaelea, na juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta na kitu cheupe kilichotafunwa, kinazunguka polepole. Mama Vikombe aliligeuzia kisogo.

"Lakini nikupe onyo," wifi aliendelea. "Ukija, tutalala na ufunguo. Stoo yangu ina mwizi. Biskuti pakiti sita tangu juzi. Sita! Na kopo la kakao limefika nusu. Nikamwambia msimamizi, ananiambia ni panya. Panya gani anayefungua kopo la kakao, akachota, halafu akarudishia kifuniko?"

"Labda panya aliyesoma."

"Basi wamejaa humu."

Mama Vikombe alikunywa chai yake ya moto, tamu, isiyo na ladha nyingine yoyote, akarudi chumbani kwake nyuma ya maabara. Hakulifikiria tena lile la biskuti. Alifikiria aproni yenye mafuta.

*

Asubuhi walikwenda wote. Daktari mbele na leso yake, makundi matatu nyuma yake kwa mstari, watu tisa wenye dawa puani na barakoa juu yake, na Mama Vikombe mwisho kabisa na beseni la kukusanyia. Mlinzi naye alikuja, ingawa hakuna aliyemwita. Alikuwa amenyoa ndevu.

Kikombe cha kwanza: sisimizi. Cha pili: sisimizi, na nyuki mmoja. Cha tatu: sisimizi. Daktari aliandika tu, na ule mkwaruzo wa kalamu ulitosha.

Kwenye kikombe cha nne Mama Vikombe alichelewa kuinuka. Aliangalia. Msafara wa sisimizi ulikuwa unatoka chini ya mzizi, unapita kando kabisa ya mdomo wa kikombe, unapanda kijiti, unateremka kwenye uzi, unaingia kwenye kifuko. Walioanguka majini walikuwa wameteleza tu, wakigombania nafasi. Hawakuwa wamekuja kwa ajili ya kikombe. Na wale waliokuwa wanarudi, kila mmoja alikuwa amebeba punje ndogo ya kahawia.

Miaka ishirini na miwili, na hajaona sisimizi hawa wakihangaikia mavi. Wanahangaikia sukari.

Biskuti pakiti sita. Kopo la kakao nusu.

Damu ilimpanda usoni. Kwanza aliwaonea kinyaa wale watatu, kinyaa kizito cha kweli, ambacho kopo la Mheshimiwa halijawahi kumpa. Halafu akajionea kinyaa mwenyewe: jioni tatu mfululizo alining'iniza biskuti juu ya vikombe kwa mkono wake, akiwaambia wamejitahidi.

"Daktari," aliita. "Hebu nusa hiki kifuko."

"Ninuse?"

"Ndiyo. Hiki chambo sicho."

Watu walijongea. Daktari alikisogelea kifuko kwa hatua mbili, akakinyoshea shingo kutoka mbali, leso ikiwa palepale, akavuta pumzi ya kinafiki.

"Mimi sisikii kitu, Mama. Nimejipaka dawa. Wote tumejipaka." Akamtazama. "Wewe si hukujipaka? Pua unayo. Wewe unasikia nini?"

Hapo ndipo aliponaswa. Aseme ananusa kakao? Atakuwa anadanganya, na akiambiwa anuse cha pili na cha tatu aseme kipi ni kipi, ataumbuka mbele ya mlinzi aliyenyoa ndevu. Aseme hanusi? Basi aproni.

"Mama amechoka, Daktari," Kofia alisema kwa upole mwingi. "Sisi vifuko tulivifunga wenyewe, alivikagua jana. Alisema tumejitahidi."

"Ulisema?" Daktari aliuliza.

"Nilisema."

"Basi sasa unasema nini?"

Angeweza kuwataja. Lakini neno la mwanamke wa vikombe mbele ya neno la chuo kikuu lina uzito gani? Na kama amekosea? Sisimizi si mashahidi wa kuapishwa. Huenda mtu alikula sukari nyingi, ikatoka naye. Huenda kuna aina mpya ya mdudu. Alikuwa na uhakika wa robo tatu, na ile robo iliyobaki ilikuwa mavi ya mtu asiyemjua.

Mama Vikombe alivua glavu ya mkono wa kulia. Akakata uzi. Akafungua fundo lile safi, akapangusa sisimizi kwa kidole, akakitazama kile kitu cha kahawia kiganjani pake, kimelowa umande. Kisha akakitia kinywani.

Kelele zilizopigwa pale ziliruka mpaka ng'ambo ya mto. Ndege waliacha miti. Msichana wa Kitalu cha Kwanza alikaa chini ghafla. Kijana mmoja alikimbilia kichakani, barakoa ikamponyoka njiani, wakamsikia akitapika. Mlinzi alishika kichwa kwa mikono miwili, akawa anasema, "Yesu na Maria, Yesu na Maria," bila kituo. Daktari alirudi nyuma hatua saba, leso imemwanguka, uso wake umekuwa na rangi ya majivu.

"Tema!" alipiga kelele. "Mama, tema! Umepata wazimu?"

Yeye alikuwa anatafuna. Alitafuna taratibu, macho yake yakipita kwa kila mtu mmoja mmoja, kama alivyozoea kupita vikombe. Wale wa makundi mengine walikuwa wameziba midomo, wameinama, wameshikana. Watatu walikuwa wamesimama wima. Hawakupiga kelele. Hawakuziba mdomo. Walikuwa wanatazama ardhi.

Daktari, pamoja na yote niliyomsema, alikuwa mtafiti. Aliangalia huku, akaangalia kule, na akaona.

"Nyinyi," alisema. "Mbona nyinyi hamshtuki?"

Kofia aliishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Ni biskuti," alisema Mama Vikombe. Utamu ulikuwa umemjaa mdomo mzima, utamu mtupu usio na kitu nyuma yake. "Biskuti na kakao. Sukari yake nyingi."

Kofia alifungua mdomo kuanza hotuba, lakini Miwani alimtangulia. Alikuwa analia, na machozi na dawa ya mafua vilikuwa vinashindana.

"Tulishindwa, Daktari. Siku ya kwanza kiongozi wetu alilipeleka kopo akarudi nalo tupu. Na mimi hivyo hivyo. Tukasema ni siku moja tu, tufunge kitu kinachofanana. Halafu ikawa sifuri, ukamlaumu mama, na sisi tukaogopa. Tukafunga tena."

"Mliogopa," alisema Daktari.

"Tuliwaza kwamba chuo kinajali takwimu ziwepo," Kofia aliingiza neno. "Sifuri nayo ni takwimu."

"Na wala si kwamba hatukufanya kazi," aliongeza Manukato, ambaye akili zake hazikuwa zimefika bado pale alipo. "Kuzifanya zile si rahisi. Biskuti ni kavu, hazishikani hata kwa maji. Ilibidi tutafune kwanza."

Mama Vikombe aliacha kutafuna.

"Mlifanyaje?"

"Tulitafuna," alisema Manukato. "Tukatema kwenye bakuli, tukachanganya na kakao. Ndipo zikashikana vizuri."

Alisimama pale na kile kitu ulimini, na dunia yote ikawa karai la jikoni. Mate yao. Mate ya watu watatu, ya usiku kucha, yaliyoganda. Alipiga magoti palepale kando ya kikombe cha nne na akatapika. Alitapika chai ya jana na maji ya asubuhi, akatapika hewa, akatapika mpaka mbavu zikamuuma, na kila alipodhani amemaliza aliliona neno lile, "tukatema", likamrudisha chini. Miaka ishirini na miwili hajatapika msituni. Miwani alikuja na chupa ya maji, akataka kumshika bega. Akamsukuma mkono.

"Usinishike," alisema. "Si wewe. Si sasa."

Alisukutua mara tatu, mara nne. Utamu haukutoka.

Daktari alikuwa ameokota leso yake lakini hakuirudisha puani. Aliiweka mfukoni. Alikuja, safari hii karibu kabisa, akachuchumaa upande wa pili wa kikombe.

"Mama," alisema. "Vifuko hivi umevishika siku tatu. Umevibeba, umevining'iniza. Mtoto mdogo angejua ni biskuti. Wewe ulikuwa ukitofautisha cha jana na cha leo ukiwa umefumba macho. Ilikuwaje usinuse?"

Sasa swali lilikuwa limefika mlangoni, na hapakuwa na wa kulizuia. Angeweza kusema alikuwa na mafua. Angeweza kusema dawa za wanafunzi zimemziba. Watatu waliosema uongo walikuwa wamesimama mbele yake, na uongo wao alikuwa bado ana ladha yake mdomoni.

"Pua yangu imekufa," alisema. "Tangu ile homa. Sinusi kitu. Nilificha kwa sababu sitaki jikoni."

Mlinzi alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mtu wa kusikitika. Daktari aligeuzageuza kalamu yake.

"Itabidi niandike," alisema mwishowe, kama mtu anayeomba samahani. "Kwenye ripoti. Jinsi mitego ilivyokuwa, chambo, na mtegaji."

"Andika."

"Mama, unajua maana yake."

"Andika kama ilivyo. Vikombe kumi na viwili, vimezikwa sawa. Mbawakawa sifuri. Chambo, biskuti zilizotafunwa. Pua ya mtegaji haifanyi kazi. Hawa wamefunga uongo siku tatu, mimi nikaubeba. Usiniongezee wa nne."

Daktari alifungua daftari juu ya goti. Kabla hajaanza, Miwani alikuwa ameng'oa barakoa na kujifuta dawa chini ya pua kwa mkono wa shati, akisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alipiga magoti kwenye kikombe cha tano, akaleta pua yake kwenye kifuko mpaka karibu kukigusa.

"Biskuti," alisema.

Akaenda cha sita. "Biskuti."

Hakuna aliyemtuma. Mama Vikombe alimtazama akitambaa kutoka kikombe hadi kikombe, matope mpaka mapajani, na hakumsamehe, ila alisikiliza.

"Mvua itanyesha mchana," alisema, kwa sababu hilo lilikuwa la kusemwa. "Kama tunataka kitu cha kesho, chambo kipya kinahitajika sasa hivi. Cha kweli."

Wanafunzi wengine walitazama miti. Kopo la Kitalu cha Tatu lilikuwa limeletwa pamoja na vifaa vingine ndani ya beseni, safi, likimeta, halijawahi kutumika tangu lilipotoka dukani. Kofia aliivua kofia yake, hatimaye, akaanza kuikunjakunja. Manukato alijikohoza. Mlinzi aligundua kwamba ana kazi getini.

Daktari alisimama. Aliandika mstari mmoja, akaupitia, kisha akamnyoshea Mama Vikombe daftari pamoja na kalamu.

"Umalizie wewe," alisema. "Mimi mwandiko wangu mbaya. Na huko jikoni wana watu wa kutosha." Akawageukia watatu. "Hawa watakaa na sahani mpaka kozi iishe. Huyu wa pua, asubuhi zake zote ni zako."

Halafu akaliokota kopo. Alilishika kwa mikono miwili, kifuani, akatazama kushoto, akatazama kulia, mtu mzima mwenye shahada tatu, na akaingia nyuma ya vichaka vya mtoni.

Mama Vikombe alikaa kwenye mzizi, daftari gotini. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa kubwa, na kila herufi ilimchukua muda. "Biskuti," Miwani aliita kutoka cha tisa, naye akaandika. "Biskuti," kutoka cha kumi. Wote walikuwa wametulia, hakuna aliyejua aangalie wapi. Na kutoka nyuma ya vichaka wakamsikia Daktari akikohoa, mara moja, kwa nguvu, kikohozi cha mtu anayewaomba watu wazungumze kidogo.